Haipo ya Kitanda cha Dirishani

Mlinzi wa geti alimaliza kutafuna karanga, akajifuta kiganja kwenye suruali, ndipo akasema, "Leo chakula hakiingii. Wakaguzi wanakuja."

"Kaka yangu, mume wangu anachomwa sindano ya sukari kila asubuhi. Akishachomwa sharti ale," alisema Mama Sponji. "Nipitishe mara moja tu. Namlisha, natoka."

"Kaka yako mimi? Tumenyonya ziwa moja?"

Watu wa kwenye foleni wakacheka. Ndivyo tulivyo: mwenzako akidhalilishwa getini unacheka, umpendeze mlinzi, labda zamu yako ikifika atakuonea huruma. Mama Sponji naye akacheka, maana angefanyaje? Akasogea pembeni na kikapu chake cha uji na ndizi, akasimama juani.

Kupitia nondo za geti aliwaona wafagizi wakikimbizana. Ndoo za bandeji zenye usaha, ambazo wiki nzima zilikaa chini ya vitanda na nzi wake, zilikuwa zinabebwa kwenda kufichwa chooni. Mfagizi mmoja alimwaga maji ya kunukia ukumbini, juu ya mikojo ileile ya jana, wala hakufuta kwanza. Harufu ikaja mpaka nje, waridi na choo pamoja. Mama Sponji akaziba pua kwa ncha ya mtandio.

Mumewe alikuwa fundi makochi. Mtaa mzima ulimwita Fundi Sponji, na mkewe akaitwa kwa jina hilohilo ingawa yeye sponji haikumpendeza hata kidogo, ilimpigisha chafya. Fundi alikanyaga pini ya kochi, akasema ni kitu kidogo, akaendelea na kazi mpaka unyayo ukaanza kunuka. Hospitali walipompima, daktari alisema, "Ana haipa," akaondoka. Mama Sponji alimfuata muuguzi mmoja mwenye roho nzuri, akamsihi mpaka akafafanuliwa: haipa ni sukari kupanda. Neno hilo akalishika. Akaenda kumweleza wifi yake, akawaeleza majirani, haipa, sukari imepanda, anachomwa insulini ya kuishusha. Alijivunia kidogo, usimcheke. Mtu maskini akipata neno moja la wakubwa hulitunza.

Hakuna aliyemwambia kwamba neno lile lina pacha wake.

Geti lilifunguliwa jua limeshakuwa kali, wakaguzi walipokwisha kuingizwa ofisini kunywa chai. Mama Sponji alikaribia kukimbia.

Fundi alikuwa ameketi kwenye kitanda cha dirishani, jasho linamtiririka mpaka godoro limelowa. Alikuwa amelishika shuka kwa mikono miwili, analivuta na kulikunja chini ya ukingo wa kitanda, anapapasa pini ambazo hazikuwepo. Daktari kijana mwenye miwani na wanafunzi wake wa udaktari walikuwa wamemzunguka, makoti meupe pe.

"Vuta huko!" Fundi alimfokea mkewe. "Kitambaa kinafanya mikunjo, huoni? Leta pini! Unanitolea macho ya nini, mwizi wa sponji wewe? Mteja yuko njiani!"

Miaka yote ya ndoa mtu huyu hakuwahi kumwita mkewe jina baya. Alikuwa mtani, mvivu wa kuoga, mkarimu kupita kiasi kwa wateja wasiolipa, lakini tusi halikuwa lake. Mwanafunzi mmoja akacheka akajificha nyuma ya faili. Wa pili naye akaambukizwa.

Daktari alimtoboa Fundi kidole, akagusisha damu kwenye kimashine, akasoma.

"Haipo," alisema.

Sasa ngoja niseme hapahapa, maana mbele hasira haitaniruhusu. Madaktari wana neno lao walilolitoa kwenye vitabu vya wageni. Linaandikwa kivyake, lakini likitamkwa ni haipo. Maana yake chini, pungufu. Hulibandika mbele ya kila kitu: sukari ikishuka ni haipo-kitu-fulani, presha ikishuka ni haipo nyingine, mwili ukipoa haipo ya tatu, na wakiona uvivu wanakata mkia wote na kusema haipo tu. Haipa ni kinyume chake, juu, kuzidi. Tofauti ni irabu moja. Daktari alijua yote hayo na alikuwa na cheti. Mama Sponji yeye alijua haipo moja, ile tuijuayo wewe na mimi, na katika jengo lile alikuwa ameisikia tangu siku ya kwanza: glavu haipo, pamba haipo, bomba la sindano haipo, kanunue.

"Haipo nini, daktari?" aliuliza.

"Haipo, mama. Haipo ya sukari," alisema daktari bila kumtazama. Aliwageukia wanafunzi. "Tazameni jasho. Tazameni alivyochanganyikiwa. Haipo ya wazi kabisa, hata kipofu anaiona."

"Ya sukari haipo?"

"Ndiyo, mama! Haipo! Na ni mbaya sana, tena ya haraka. Tuachie nafasi basi tufanye kazi."

Akamwambia sista wa zamu, "D-fifti, stati," na wakati huohuo mjumbe akachungulia mlangoni: daktari anaitwa, wageni wamemaliza chai, wanataka kutembezwa. Daktari akarekebisha koti, akapita, na makoti meupe yakamfuata.

Stati ni sasa hivi. D-fifti ni maji ya sukari. Ni maji ya sukari, jamani! Yalikuwa kwenye kabati la wodi, chupa zimepangwa. Kabati limefungwa, na ufunguo uko mfukoni mwa matroni, na matroni yuko na wageni. Sista alifika mpaka mlango wa ofisi, akasikia vicheko ndani, akaona aibu kumwita mkubwa mbele ya wakubwa. Zamu yake ilikuwa inaisha. Akarudi, akavaa viatu vyake vya kutokea.

"Sista," Mama Sponji alimshika mkono, "kweli ya sukari haipo?"

"Si umemsikia daktari mwenyewe? Haipo."

"Nimpe uji kwanza?"

"Mtu hana akili zake, umpe uji apaliwe? Subiri sindano."

Mama Sponji alimpigia simu wifi yake, dada wa Fundi, aliyekuwa akifanya usafi katika ofisi moja mjini na aliyejihesabu mjuzi wa mambo ya ofisini. "Wifi, kaka yako amezidiwa. Anaweweseka. Na wanasema dawa ya sukari haipo."

"Haipo? Sasa ukinipigia mimi ndiyo itakuwepo? Kanunue!"

"Fedha niliyo nayo ni ya mteja, ya velveti ya kochi lake..."

"Velveti! Ndugu yangu anakata roho, wewe unawaza velveti! Au unangoja afe urithi vyerehani?"

Aliyeambiwa neno hilo hasubiri tena. Mama Sponji aliweka kikapu chini ya kitanda, akatoka mbio.

Duka la dawa lilikuwa ng'ambo ya barabara, limetazamana na geti kama mtu na shemeji yake. Mwenyewe alikuwa mtu mnene, mcheshi, kucha safi. Alipoona mtandio umekaa upande na jasho usoni alijua anatoka wapi.

"Haya, mama. Leo nini haipo?"

"Ya sukari. Ya kuchoma."

"Ahaa." Akacheka taratibu. "Mimi siwasemi vibaya wale, mama. Haipo yao ndiyo inayonisomeshea watoto. Sasa, sukari ya mgonjwa imepanda au imeshuka?"

Aliuliza. Mpe haki yake, tumbo lake lote na kucha zake zote, ni yeye peke yake aliyeuliza siku ile.

"Imepanda," Mama Sponji alijibu upesi, kwa uhakika wa mtu aliyefundishwa. "Ana haipa. Ndiyo iliyomlaza."

"Basi ni insulini." Akafungua friji, akatoa kichupa, akakifunga na kipande cha barafu ndani ya mfuko. Velveti ya mteja ikaishia pale.

Wodini zamu ilikuwa imebadilika. Sista wa asubuhi alikuwa amemkabidhi wa mchana huku mkoba uko begani: "Glavu haipo. Pamba haipo. Dirishani haipo, sindano bado." Sista wa mchana alikuwa mwanamke mzoefu, na masikio yake yalikuwa yamezoea pia. Alisikia alichokizoea. Kwamba kati ya haipo zile tatu moja ilikuwa ugonjwa, hilo halikumpitia kichwani, na faili hakufungua, kwa sababu wageni walikuwa wanakaribia na mashuka ya upande wa pili yalikuwa bado machafu.

"Sista, nimeipata," Mama Sponji alihema. "Ile ya dirishani iliyokuwa haipo."

Sista alikitazama kichupa. "Hii ndiyo aliyoagiza daktari?"

"Ndiyo. Ya sukari. Amesema ni ya haraka."

"Umefanya vizuri. Wengine huku wanakaa tu kusubiri miujiza." Akavuta dawa kwenye bomba. Fundi alikuwa amechoka kupigana na shuka, amelala ubavu, midomo inacheza. Mkewe alimshika mkono usitikisike, akamgeuzia sista ngozi ya juu ya mkono, akasema, "Vumilia kidogo, Fundi." Sindano ikaingia.

Baada ya muda Fundi alitulia. Matusi yakakoma, mikono ikaacha shuka, akaanza kukoroma.

"Umeona?" alisema sista akipita na rundo la mashuka. "Inafanya kazi."

Mama Sponji aliketi, akamfuta jasho, akashukuru. Nikiikumbuka shukrani ile natamani kutapika.

Daktari aliwatangulia wageni ili kuhakikisha wodi iko sawa. Alipofika dirishani akasimama, akamwinua Fundi kope, akamulika. Akamtikisa bega. Akachukua kimashine, kidole, damu. Kisha akakiona kichupa kando ya mto.

"Mmempa nini?" aliuliza. Sauti ilikuwa imepanda. "Nani kamchoma insulini? Nani?"

Tangu asubuhi hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza yaliyoeleweka na kila mtu.

Wakakimbizana. Ufunguo ukapatikana, maji yale ya sukari yakaja, mshipa ukakataa, wakautafuta kwenye mkono mwingine, ukakataa. Mama Sponji alisukumwa mpaka ukutani. Aliona migongo mieupe tu, na unyayo wa mumewe wenye bandeji ukichungulia kati yao. Kisha migongo ikaacha kuhangaika. Ilitulia yote kwa pamoja, na mtu hahitaji kusoma vitabu kuelewa maana yake.

"Wageni wako wodi ya jirani," matroni alinong'ona.

"Basi mtoeni," alisema daktari. "Mtoeni haraka, kwa mlango wa nyuma."

Wahudumu wawili wakamfunika, wakamsukuma. Mama Sponji alishika chuma cha kitanda cha magurudumu, matroni akambandua vidole kimoja kimoja, kwa upole, huku akitazama mlangoni. "Ngoja nje, mama. Tutakuita." Walipoingia wakaguzi, kitanda cha dirishani kilikuwa kimetandikwa shuka jipya, limenyooka. Mkaguzi mmoja aliligusa, akasema wodi imependeza.

Wifi yake alimkuta kwenye benchi la ukumbini. Alilia kwanza, alilia kweli, kaka yake alikuwa ndiye aliyemlea. Kisha machozi yalipokwisha akatafuta wa kumrushia.

"Sista kaniambia. Eti dawa umeileta mwenyewe. Umeinunua mwenyewe, ukamshika na mkono achomwe."

"Wifi, wewe ndiye uliyesema kanunue."

"Nilisema dawa! Nilisema sumu mimi?"

Watu wa benchi jirani wakageuza shingo wasikie vizuri. Ndani yake Mama Sponji alikuwa anaulizana na nafsi: nilikosea wapi? Nilisikia vibaya? Wao walisema haipo, mimi nikaileta. Kuna jambo gani jingine ambalo mke angefanya?

Ofisi ya Mganga Mkuu ilinukia keki. Sahani za wageni zilikuwa bado mezani. Mganga Mkuu, mtu mzima mwenye sauti laini, alijimiminia chai iliyobaki, akatia kijiko cha sukari, na kingine, akawa anakoroga. Daktari kijana alisimama dirishani, sista wa mchana mlangoni. Viti vilikuwepo, ila hakuna aliyewaambia wanawake wakae.

"Poleni sana," alisema Mganga Mkuu. "Daktari, waeleze."

Daktari alikohoa. Miwani ilikuwa mkononi, anaisugua bila kuona anachosugua. "Mgonjwa alipata haipo-glaisimia kali. Hiyo ikaleta haipoksia ya ubongo, pamoja na haipotensheni, na mwishoni kukawa na haipothemia..."

"Haipo, haipo, haipo!" wifi aliruka. "Kila kitu haipo! Mngetuambia basi kilichokuwepo ni nini!"

"Shangazi, taratibu," Mganga Mkuu alimtuliza.

"Mimi si shangazi yako!"

Mama Sponji alikuwa anamtazama daktari kijana. "Hiyo ya kwanza," alisema. "Haipo-nini ile. Kwa Kiswahili ni nini?"

Daktari akamtazama mkubwa wake. Mkubwa akatazama kikombe.

"Ni... sukari kushuka, mama."

"Kushuka."

"Ndiyo. Alichomwa asubuhi, hakula. Ikashuka."

"Kwa hiyo uliponiambia haipo ya sukari, ulikuwa unaniambia imeshuka."

Daktari akarudi kuisugua miwani.

"Na mtu akishuka sukari hupewa nini?"

"Sukari," alisema daktari, kwa sauti ndogo. "Mapema, kabla hajapoteza fahamu, hata kijiko kimoja, akipakwa tu ndani ya shavu..." Macho yake yakaangukia bakuli la sukari pale mezani, akayaondoa upesi, lakini wote walikuwa wameyafuata. Mganga Mkuu akaacha kukoroga.

Wifi alikaa chini sakafuni. Hakuwa na neno tena kwa Mama Sponji, wala leo wala kesho. Alimshika tu pindo la nguo, akalishikilia.

"Ulishindwa kusema imeshuka?" Mama Sponji alimwuliza daktari. Hakupaza sauti. "Neno moja, baba. Mtoto anayetambaa analijua. Ningempa uji. Ningempa ndizi. Nilikuwa nimesimama pale, ningemtafunia nikamtia mdomoni kama kinda. Ulinionea nini, mpaka ukaninyima neno moja?"

"Tuelewane, mama," Mganga Mkuu aliingilia. Sauti yake ilikuwa bado laini, na ulaini ule ulichefua kuliko harufu ya ukumbini. "Uchungu wako tunauelewa. Lakini na sisi tuna utaratibu. Dawa ya kutoka nje haitakiwi kuingia wodini. Sasa hapa tuna mke wa yule haipo, ambaye kwa hiari yake amekwenda..."

"Mke wa nani?"

"Wa yule haipo. Wa dirishani."

Sista pale mlangoni aliinamisha kichwa.

"Haipo ni glavu," alisema Mama Sponji. "Haipo ni pamba. Kitu ndicho husemwa haipo, mzee. Mtu husemwa hayupo. Mume wangu alikuwa mtu. Alikuwa fundi, alikuwa na midomo mirefu ya utani na miguu inayonuka, na asubuhi ya leo alikuwepo. Sasa hayupo. Hilo nimelielewa, msinieleze zaidi." Akamwinua wifi yake kwa mkono, wakasimama bega kwa bega. "Mmemtoa mbele yangu kama mnatoa ndoo ya taka. Sijambishia mtu. Nimekaa kwenye benchi, nimengoja kuitwa. Basi nionyesheni alipo, tukamzike."

Mganga Mkuu akamtazama daktari. Daktari akamtazama sista. Sista akageuka kutazama ukumbini, kushoto, kisha kulia.

Hakuna aliyejua.